Kahuzi-Biega: parki, vita, na sisi wachimbaji

Wiki iliyopita dada yangu alifika kwangu hapa Kiringye asubuhi sana, watu hawajaenda hata mashambani. Nyuma yake alikuja mtoto wake wa kiume, miaka 19. Kijana na wenzake watatu wamechanga pesa za lori mpaka Bukavu, kutoka pale mpaka Bunyakiri, halafu mguu mpaka kwenye machimbo yaliyo ndani ya Parki ya Kahuzi-Biega. Wamesikia kuna dhahabu, na koltani bado iko.

Dada akaniambia: "Weye ni mutu wa sendika. Ongea na huyu mutoto."

Nikaanza maneno yangu ya kila mkutano: sheria inakataza, walinzi wa parki wanakamata, mashimo yanaanguka. Kijana alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima. Kisha akauliza: "Mujomba, si weye pia ulienda?"

Ndiyo, nilienda. Na kwa kuwa si yeye peke yake anayeniuliza, na akina mama wengi wa bonde hili la Ruzizi wana mtoto anayefunga begi, nimeona nijibu kwa gazeti. Habari ya parki ile ni habari yetu pia.

Pori lililokuwa na watu

Kahuzi na Biega ni majina ya milima miwili, volkano zilizozimika zamani, magharibi ya Bukavu. Kahuzi ina mita 3,308, Biega mita 2,790. Chini yake, kuelekea Shabunda na Walikale, kuna msitu mkubwa wa mvua. Sisi wa Kiringye tusidhani ni mbali na hayatuhusu. Maji ya upande wa mashariki wa milima ile yanaingia ziwa Kivu, na ziwa Kivu linatoka kwa mto Ruzizi unaopita hapa kwetu.

Wabelgiji walifanya mahali pale hifadhi mwaka 1937. Mwaka 1970 serikali ilipafanya parki ya taifa, hekta 60,000. Mbelgiji mmoja, Adrien Deschryver, ndiye aliyesukuma kazi hiyo. Lakini hakuwatafuta gorila peke yake. Walioijua njia ya mnyama kwa jani lililovunjika na kwa kinyesi cha jana walikuwa Batwa. Kwa msaada wao gorila walizoea kuona watu, na watalii wakaanza kuja kutoka kila pembe ya dunia. Wazee wanakumbuka noti ya zaire 50,000 iliyokuwa na picha ya gorila. Taifa lilikuwa linajivunia.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Hao Batwa waliokuwa wanaishi mle msituni walifukuzwa katika miaka hiyo hiyo ya 1970, maelfu ya watu, bila malipo na bila kupewa shamba. Mwaka 1975 parki ikapanuliwa kufika hekta 600,000, mara kumi, na vijiji vya nyanda za chini vikajikuta ndani ya mpaka ambao hakuna aliyewauliza. Mwaka 1980 UNESCO iliandika Kahuzi-Biega kwenye orodha ya urithi wa dunia. Kwa mtu wa Paris ilikuwa sherehe. Kwa Mutwa aliyekuwa amelala kando ya shamba la mtu mwingine, haikubadilisha kitu.

Nalisema hili mapema juu ya sababu moja. Vita ilipofika, parki haikuwa na jirani wengi wa kuitetea.

Baba zetu wanakosa kampuni

Jambo la pili lilitokea kwenye madini. Baba zetu wengi walikuwa wafanyakazi wa SOMINKI, kampuni iliyoundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha makampuni ya zamani ya Kivu na Maniema. Walikuwa na nyumba za kampuni, hospitali, mishahara. Mwaka 1985 bei ya bati duniani ilianguka, na SOMINKI haikusimama tena vizuri mpaka ikafungwa mwaka 1997. Mobutu alikuwa tayari amefungua uchimbaji wa mkono kwa raia mwaka 1982. Basi mtu aliyekuwa na kofia ya chuma na karatasi ya mshahara akabaki na nondo na jembe, akachimba kwa hesabu yake mwenyewe, bila daktari na bila pensheni. Mtoto wake alirithi nondo.

Kwa hiyo miaka ya 1990 ilipoanza, Kivu ya Kusini ilikuwa na pori kubwa lisilo na marafiki wengi, na vijana wengi wasio na kazi. Kilichokosekana ni bunduki tu.

Bunduki zinafika

Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, mamia ya maelfu ya wakimbizi walivuka mpaka kuja Kivu ya Kusini. Makambi mengine yaliwekwa karibu kabisa na parki. Watu wanahitaji kuni, wanahitaji miti ya kujengea, wanahitaji kula. Msitu ulianza kukatwa, na silaha zikaanza kutembea mle ndani.

Oktoba 1996 vita ya AFDL ikaanza. Sisi hapa hatuhitaji kitabu kwa hilo. Tunajua ilivyoanza Lemera, juu yetu tu, pale wagonjwa na wauguzi walipouawa hospitalini tarehe 6 ya mwezi ule. Nilikuwa na miaka 16, na tulilala porini siku nyingi. Wakimbizi, askari wa Mobutu waliokuwa wanakimbia, askari wa AFDL waliokuwa wanafuata: wengi walipita ndani ya misitu, na Kahuzi-Biega ilikuwa njia yao. Walinzi wa parki walinyang'anywa silaha. Mwaka 1997 UNESCO ikaihamisha parki kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na mpaka leo iko pale.

Mwaka 1998 vita ya pili, RCD. Mji na barabara kubwa vilikuwa mkononi mwa hao, msitu mkononi mwa Mai-Mai na Interahamwe. Katika sehemu ya mlimani, ile ambayo watalii walikuwa wanatembelea, gorila walikuwa karibu 250 mwaka 1996. Walipohesabiwa mwaka 2000, walikuwa wamebaki kama 130. Tembo wa mlimani walikuwa mamia. Karibu wote waliuawa.

Walinzi wengi waliendelea na kazi, bila bunduki, wakati mwingine bila mshahara wa serikali. Waliingia msituni kuondoa mitego ya kamba mbele ya watu wenye kalashnikov. Wenzao kadhaa walikufa. Mimi kama mtu wa sendika nawaita wafanyakazi, na najua kwamba wachimbaji wengine hawatapenda nikisema hivyo.

Mwaka wa koltani

Nilimaliza sekondari mwaka 1999. Diploma iko, kazi hakuna, na bonde letu lilikuwa limejaa bunduki za kila aina. Kulima muhogo ilikuwa kumlimia mtu atakayekuja usiku.

Mwaka 2000 bei ya koltani ikapanda. Ndani ya koltani mna tantali, na tantali inaingia kwenye vifaa vidogo vinavyotunza umeme ndani ya simu na kompyuta. Dunia ilikuwa inanunua simu kama mikate. Katika miezi michache bei ya tantali ilipanda karibu mara kumi. Bukavu komptwari zilifunguliwa kila kona. Walimu waliacha shule, wakulima waliacha mashamba. Wanaosema ni ulafi tu hawakuwako hapa.

Tuliondoka sita kutoka Kiringye na Luvungi. Kamanyola, Ngomo, Nyangezi, Bukavu. Kisha Miti, kisha barabara inayokata ndani ya parki na kupita Tshivanga. Kwenye lori dereva alitwambia: "Hapa mbele ya vita wazungu walikuwa banalipa kuona gorila." Tulicheka. Tulitazama ukungu na mianzi, hatukuona kitu. Tulishuka lori, tukatembea siku nyingi kuingia nyanda za chini.

Watafiti waliofuatilia parki mwaka 2001 waliandika kwamba watu 10,000 mpaka 15,000 walikuwa mle ndani, wakichimba au wakiwafuata wachimbaji. Mimi nilikuwa mmoja wao. Tulibandua maganda ya miti kutengeneza mabeseni, tukaosha mchanga kwenye vijito mpaka ibaki ile nyeusi na nzito. Maji yaliyokuwa safi asubuhi yalikuwa matope saa sita.

Kila mahali palikuwa na mwenye bunduki, na kila mwenye bunduki alikuwa na kijiko. Ndiyo, kijiko cha kulia. Unatoa kijiko cha koltani kuingia, kijiko kila wiki, kijiko kutoka. Kundi likibadilika, unaanza upya. Wenye silaha hawakushika nondo hata siku moja. Kwa upande wake RCD, Novemba 2000, iliipa kampuni moja, SOMIGL, haki ya kuuza koltani peke yake. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa, kuanzia Aprili 2001, zilieleza pesa hizo zilivyolisha vita na zilivyovuka mipaka ya nchi. Sisi tulijua habari hiyo kwa vijiko.

Tulikula nini

Hapa ndipo ninapotaka kijana wangu asome polepole.

Maharagwe, chumvi, unga wa muhogo, vyote vilibebwa kichwani siku nyingi kutoka nje. Bei yake ilikuwa ya kutisha. Nyama ya pori ilikuwa rahisi kuliko maharagwe. Wawindaji walikuwa na bunduki za kukopeshwa na wanajeshi, na sisi tulikuwa wanunuzi. Kwanza walileta swala na nguruwe wa pori, kisha nyani. Siku moja mmoja alileta nyama iliyokaushwa kwa moshi, imefungwa kwa majani. Ilipofunguliwa, niliona mkono. Vidole vitano, kucha, mistari ya kiganjani kama yangu.

Mzee mmoja katika kundi letu alisimama akaenda kukaa mbali. Mimi nilikuwa na njaa. Nilikula.

Kwa miaka mingi sikulisema hili. Kwenye mikutano nilipenda kusema kwamba gorila waliuliwa na vita, na makosa ni ya makampuni na ya watu wa nje. Ni kweli, na nitaendelea kulisema. Lakini bunduki bila sufuria yetu isingeua wanyama wengi hivyo. Mwenye bunduki alituhitaji mara tatu: tuchimbe, tulipe kijiko, na tununue nyama yake.

Hesabu

Mwaka 2001 bei ikaanguka, haraka kama ilivyopanda. Negosian aliyekuwa anatukimbilia akaanza kutukimbia. Tulirudi wanne kati ya sita. Mmoja alifunikwa na udongo. Mwingine aliugua, tukamwacha kwa watu kijijini tukaahidi kurudi kumchukua, na tuliporudi tukaonyeshwa kaburi. Mimi nilileta nyumbani redio moja, kitenge cha mama na malaria.

Pori nalo lina hesabu yake. Gorila wa aina hii, ambao kwa asili wanaishi Kongo ya mashariki tu, walikadiriwa kuwa 17,000 katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 2016 watafiti walikadiria 3,800. Baadaye, mwaka 2021, hesabu mpya iliyofika maeneo mengi zaidi ilitoa 6,800. Hata kwa hiyo kubwa, zaidi ya nusu wamekwisha katika maisha ya mtu mmoja. Ile sehemu ya mlimani ya Tshivanga imejaribu kuinuka: kazi ya walinzi ilirudi, na familia za gorila zikaongezeka tena polepole.

Gorila wana watu wa kuwahesabu, na ni vizuri. Majina ya wachimbaji waliozikwa mle hayako kwenye kitabu chochote nilichowahi kuona.

Deni la Batwa

Oktoba 2018 Batwa wengine walichoka kungoja ahadi, wakarudi ndani ya msitu wa mlimani. Kilichofuata ni aibu kwetu wote. Watu walikufa, Batwa na walinzi. Miti ilikatwa kwa makala na mbao, na wafanyabiashara wa mjini walikuwa nyuma ya biashara hiyo, Mutwa akipata kidogo kabisa. Mimi niliposikia, nilikumbuka kijiko. Ni mchezo ule ule: maskini mbele, mwenye pesa nyuma.

Mwaka 2022 nchi yetu ilipata sheria ya kulinda haki za Batwa. Na mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilitangaza uamuzi wake: serikali ya Kongo ilivunja haki za Batwa ilipowatoa Kahuzi-Biega, na inapaswa kurekebisha. Kungoja kumechukua karibu miaka hamsini. Wachimbaji tusilione jambo hili kama la wengine. Mtu anayetolewa kwenye ardhi bila kuulizwa, hata sisi tunamjua, kila kampuni inapoleta karatasi kutoka Kinshasa na kutuambia tuhame.

Sheria inasema nini

Kuchimba ndani ya parki ni kosa kwa sheria ya mwaka 2014 ya kuhifadhi mazingira. Na tusisahau bei. Madini yanahitaji tiketi ili yauzwe vizuri, na tiketi inatoka kwenye chimbo lililokaguliwa na kukubaliwa. Chimbo la ndani ya parki haliwezi kukubaliwa. Basi mchimbaji wa parki anauza kwa siri, kwa bei anayotaka mnunuzi, na hana pa kushitaki. Akilipwa nusu, amelipwa.

Wengine watasema hayo ya vita ni ya zamani. Mwezi wa nne mwaka 2024 M23 walishika Rubaya, kule Masisi, na koltani yake. Koltani inalisha bunduki leo kama mwaka 2000. Ni majina tu yanayobadilika.

Lakini sheria ina upande wa pili. Kanuni ya madini ya mwaka 2002, na ile iliyorekebishwa mwaka 2018, inasema wachimbaji wa mkono wapewe maeneo yao, ZEA, wafanye kazi kwa kadi na ndani ya kooperativi. Maeneo yako wapi? Mengi yaliyoandikwa ni mbali, au hayana kitu ardhini, au ni ya kina ambacho mkono haufiki. Ardhi nzuri imekwisha kugawiwa kwa vibali vya makampuni. Huwezi kumfungia mtu mlango wa mbele na wa nyuma, halafu ukashangaa kumkuta dirishani.

Sisi wa sendika tunaomba mambo ya wazi. ZEA zenye madini kweli, zilizopimwa na wataalamu wa serikali, nje ya parki. Kadi ambayo mchimbaji anaweza kuilipa. Batwa wapewe haki yao. Na wachimbaji wenyewe, tukubaliane kwamba ndani ya Kahuzi-Biega hatuingii, na negosian anayewatuma watoto kule tumtaje kwenye mkutano, uso kwa uso.

Inawezekana kufanya vizuri zaidi. Juu ya milima yetu kuna Itombwe. Hifadhi ile ilitangazwa mwaka 2006 kwa karatasi ya waziri, na watu walikataa kwa sababu hawakuulizwa. Ikazungumzwa miaka, wanakijiji wakachora ramani wenyewe: hapa tunalima, hapa tunazika, hapa tuache msitu. Mwaka 2016 mipaka mipya ikatoka. Matatizo bado yako, dhahabu na silaha ziko hata kule. Lakini watu wa Itombwe wanaweza kusema mpaka ule umepita mikononi mwao.

Jibu

Haya yote nilimwambia kijana, hata habari ya ule mkono. Dada yangu hakuwa ameisikia kamwe. Alitazama chini.

Kijana alikaa kimya, kisha akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Sasa mujomba, nikibaki, nitafanya kazi gani?"

Nimemwandikisha kwenye kooperativi ya wenzetu. Kadi yake bado haijatoka, tunaisubiri. Wenzake wawili wameondoka juzi usiku. Yeye bado yuko hapa, anamsaidia mama yake kuvuna mpunga, na begi lake liko bado mlangoni.